Majani Unayochoma Ndiyo Mbolea Unayonunua

PITA katika mitaa ya miji yetu asubuhi ya Jumapili kama hii, iwe ni Kitengela, Ruai, Nakuru au Kisumu, na huenda ukakuta mambo mawili yakitendeka katika boma moja. Pembeni mwa uwanja, majani makavu yamefagiliwa, yakarundikwa na kutiwa moto, na moshi wake unaingia kwa jirani aliyeanika nguo. Hatua chache kutoka hapo, mwenye boma ameshika mpira wa maji akiunywesha ukoka ambao umeanza kugeuka rangi ya kahawia. Mwezi ujao bwana huyo huyo atamwita mwenye gari amletee samadi, na atalipa.

Hebu lifikirie jambo hilo kwa makini. Majani yale yalikuwa chakula cha udongo, tena cha bure. Yangetandazwa chini ya miti na maua, yangeukinga udongo na jua, yangezuia maji yasipotelee hewani, na hatimaye yangeoza na kuwa mbolea. Mwenye boma ameyachoma, kisha anatoa fedha mfukoni kununua maji na mbolea ili afidie kile alichokiteketeza kwa mkono wake mwenyewe.

Juma hili, mpenzi msomaji, nataka tuzungumze juu ya bustani isiyomtumikisha mwenyewe. Swali ambalo wasomaji huuliza mara kwa mara ni hili: ni maua gani yasiyo na kazi nyingi? Swali ni zuri, ila linaanzia juu badala ya kuanzia chini. Ua lililopandwa katika udongo uliochoka litakusumbua hata kama muuza miche alikuapia kwamba ni sugu. Litaomba maji kila jioni, litashambuliwa na wadudu, na likinyauka utanunua jingine. Bali udongo ukiwa na afya, sehemu kubwa ya kazi hiyo huifanya wenyewe usiku na mchana, nawe umelala.

Hesabu ya maji

Tuanze na hesabu ambayo wengi wetu hatupendi kuipiga. Chukua uwanja wa nyasi wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 10. Ili nyasi hizo zibaki kijani kibichi wakati wa kiangazi, zahitaji kiasi cha sentimita mbili na nusu za maji kila juma. Kumbuka kwamba milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hivyo uwanja huo utakunywa lita 2,500 kwa juma moja, yaani mitungi 125 ya lita 20. Kwa majuma manne ni mitungi 500.

Ikiwa unaishi mahali ambapo bomba hutoa maji siku mbili tu kwa juma, au ambapo maji huletwa kwa mkokoteni na kuuzwa kwa mtungi, huna haja ya mimi kukueleza maana ya hesabu hiyo. Mtungi mmoja uliojaa una uzito wa kilo 20. Lazima yupo mtu anayeubeba. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni msichana wa kazi au mtoto aliyerudi kutoka shule, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza kama anauona uzuri wa ukoka huo.

Kwa hivyo jambo hili si la urembo peke yake. Ni suala la matumizi ya nyumba. Maji yanayomwagwa nje mwezi wa Februari ni maji ambayo yangefua, yangepika na kumwogesha mtoto. Nimesikia waume na wake wakizozana kwa sababu ya bili ya maji, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kuoga sana, kumbe anayekunywa maji yote yuko nje na wala hana mdomo wa kujitetea.

Baada ya fundi kuondoka

Udongo ulio hai ni ule wa juu, aghalabu sentimita 15 hadi 30 za kwanza. Humo ndimo mlimo na mizizi mingi, nyungunyungu na vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hugeuza majani makavu kuwa chakula cha mimea. Nyumba inapojengwa, tabaka hilo ndilo huumia kwanza. Msingi unachimbwa na udongo wa chini, usio na rutuba, unatupwa juu. Malori ya mawe na kokoto yanapita pale pale hadi ardhi inakuwa ngumu kama sakafu. Mabaki ya saruji, misumari na makaratasi ya plastiki yanafukiwa ili uwanja uonekane sawa siku ya kuhamia.

Kisha mama mwenye nyumba anakuja na miche yake, anachimba vishimo vidogo, anapanda, na baada ya miezi mitatu anashangaa mbona maua yamedumaa. Anadhani hana mkono wa kupanda. Mkono anao. Amepanda juu ya kifusi.

Kabla hujanunua mche hata mmoja, fanya majaribio matatu ambayo hayana gharama.

La kwanza, chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana uo huo, ulijaze maji na uyaache yanywee. Lijaze tena, kisha utazame saa. Maji hayo ya pili yakiwa bado yamo siku inayofuata, hapo hapapitishi maji, na mizizi ya mimea mingi itaoza. Yakitoweka mara moja kana kwamba yamemwagwa kwenye chujio, udongo wako ni wa kichanga na hauwezi kuhifadhi kitu.

La pili, tia udongo nusu chupa ya kioo yenye mdomo mpana, jaza maji, funga, tikisa kwa nguvu na uiweke mezani. Mchanga hutulia chini kwa dakika moja hivi. Chembechembe za kati hufuata baada ya saa kadhaa. Ule wa mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Kesho yake utaona matabaka, na utajua udongo wako umejaa kitu gani.

La tatu ndilo muhimu zaidi. Siku moja baada ya mvua, chota koleo moja la udongo na utafute nyungunyungu. Usipoona hata mmoja, udongo huo una njaa.

Somo kutoka Bamburi

Huenda ukasema kwamba uwanja wako umeharibika kupita kiasi na hakuna linaloweza kufanyika. Basi nikukumbushe yaliyotokea Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa.

Kwa miaka mingi kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe mahali hapo, na kilichobaki kilikuwa jangwa jeupe la mwamba, lisilo na udongo, lenye maji ya chumvi karibu chini yake. Mnamo 1971 mtaalamu wa kilimo aitwaye René Haller alianza kujaribu kupanda miti humo. Aina 26 zilijaribiwa, na nyingi zilikufa. Mti uliofaulu kuliko yote ulikuwa mvinje, ule tunaouona ufuoni ukivuma upepo ukipita, kwa sababu una uwezo wa kuvumilia chumvi na pia wa kujitafutia naitrojeni kwa msaada wa vijidudu vilivyo mizizini.

Lakini kulikuwa na tatizo. Majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalianguka na kurundikana bila kuoza. Hapo ndipo ilipogunduliwa kwamba jongoo, yule yule mkubwa mwenye miguu mekundu ambaye watoto humkimbia, huyala majani hayo. Majongoo wengi wakaletwa. Wakala, wakanya, na mavi yao yakawa mwanzo wa udongo juu ya mwamba mtupu. Miti mingine ikafuata, kisha ndege na wanyama. Leo mahali hapo panajulikana kama Haller Park, na watoto wa shule hupelekwa kutazama viboko na twiga mahali ambapo palikuwa shimo la mawe.

Angalia vizuri kilichofanya kazi hiyo: majani yaliyoanguka na kuachwa chini, na wadudu walioachwa wayale. Kama mwamba wa Bamburi uliweza kupata udongo kwa njia hiyo, uwanja wako wa Ruai una kisingizio gani?

Uulishe udongo

Zipo njia tatu za kuulisha udongo, na zote zaweza kwenda pamoja.

Njia ya kwanza ni matandazo. Funika udongo wote ulio wazi chini ya maua na miti kwa majani makavu, nyasi zilizokatwa, mabua ya mahindi au maganda ya kahawa, unene wa sentimita tano hadi 10. Acha nafasi ya upana wa kiganja kuzunguka shina la kila mmea ili lisioze. Tandaza wakati udongo umelowa, mvua zinapokaribia kwisha. Ukitandaza juu ya udongo uliokauka kabisa utakuwa umeufungia ukavu ndani, na mvua ya rasharasha itaishia juu ya majani bila kufika chini.

Njia ya pili ni mboji. Chagua mahali penye kivuli, pima mita moja u nusu kila upande, na uanze na vijiti au mabua makavu chini ili hewa ipite. Panga tabaka la majani makavu, kisha tabaka la vitu vibichi kama magugu ambayo hayajatoa mbegu, maganda ya viazi na mabaki ya sukumawiki, kisha samadi kidogo na udongo kidogo. Nyunyiza maji kila tabaka liwe nyevu kama nguo iliyokamuliwa. Rudia hadi lifikie kimo cha kifua, kisha ufunike kwa nyasi au majani ya migomba. Chomeka kijiti kirefu kwa mshazari hadi katikati. Baada ya siku chache kichomoe na ukishike: kikiwa na joto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikitoa harufu mbaya, maji yamezidi na hewa imekosekana, kwa hivyo pindua rundo. Pindua kila baada ya majuma matatu, na baada ya miezi mitatu hivi utakuwa na mboji nyeusi inayonukia kama msitu baada ya mvua.

Usitie nyama, mafuta ya kupikia, mavi ya mbwa au paka, wala mimea yenye magonjwa. Mbolea ya kuku nayo usiitie mbichi kwenye maua, kwani huunguza mizizi. Iache ioze kwanza.

Njia ya tatu huwapita wengi barabarani bila kuitambua. Kuna kichaka chenye maua ya manjano yafananayo na alizeti ndogo, ambacho humea kando ya barabara na kwenye nyua kote Magharibi, Nyanza na sehemu za Mkoa wa Kati wa zamani. Wataalamu hukiita tithonia. Katika miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi huko Maseno walionyesha kwamba majani yake mabichi yana naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa wingi, na huoza haraka yakifukiwa shambani. Kata matawi machanga, yakatekate, uyafukie kidogo au uyalaze juu ya udongo chini ya matandazo. Ni mbolea iliyosimama njiani ikingoja panga.

Na je, uwanja mchafu?

Hapa najua nitapingwa, na watakaonipinga si watu wa kupuuzwa. Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba uwanja uliofagiliwa alfajiri ndio heshima ya nyumba. Bi arusi alipimwa kwa alama za ufagio mlangoni. Mama mkwe akifika na kukuta majani yametanda chini ya mwembe, hataanza kuuliza habari za rutuba. Atauliza kama siku hizi watu wa nyumba hii wamelala.

Mila hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Uwanja mweupe ulimfichua nyoka mapema, na moto haukuweza kuifikia nyumba kwa urahisi. Wala sikuambii uiache. Nakuomba uipunguzie eneo. Fagia mlangoni, njiani, jikoni kwa nje na mahali pa kuanikia na kuchezea watoto. Kisha yale majani uliyoyafagia yapeleke chini ya miti na maua, uyazungushie mawe au chupa zilizopangwa vizuri, ili kila mgeni aone kwamba yamewekwa hapo na mtu mwenye nia. Nakuhakikishia, majani yaliyozungushiwa mawe hayaitwi uchafu. Huitwa bustani.

Nyoka hufuata panya, marundo ya mbao, mawe na nyasi ndefu. Tandazo la sentimita tano halimfichi nyoka mkubwa, lakini rundo la matofali uliyoyasahau nyuma ya nyumba laweza kumfanyia makao. Liondoe hilo kwanza. Mbu nao huzaliana ndani ya maji yaliyotuama, katika makopo, magurudumu ya zamani na mifereji ya paa iliyoziba, si katika majani makavu.

Mchwa ndio wa kuogopwa kweli. Usitandaze majani wala usirundike mboji karibu na ukuta wa nyumba. Acha ukanda wa mita moja ulio wazi kuzunguka nyumba yote, uutie kokoto ukiweza. Ukanda huo utakuwezesha kuona njia za udongo ambazo mchwa hujenga wakipanda ukutani, na pia utazuia matone ya mvua yasirushe tope kwenye rangi uliyoigharamia.

Wenzetu wa udongo mweusi

Wakazi wa Kitengela, Athi River, Syokimau, Embakasi na nyanda za Kano wana kisa chao. Udongo mweusi wa pamba, kama mafundi wa ujenzi wanavyouita, huvimba ukipata maji na kunata kwenye viatu kama ugali, kisha ukikauka hupasuka nyufa ambazo mtoto aweza kuingiza mkono. Wengi huukatia tamaa. Lakini udongo huu una rutuba nyingi. Kinachosumbua ni tabia yake.

Usiulime ukiwa umelowa, kwa maana utaufinyanga kuwa matofali. Ungoje uwe nyevu wa kufikichika. Usimwamini anayekwambia uuchanganye na karai chache za mchanga, kwani mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi hutoa kitu kilicho karibu na saruji. Dawa yake ni samadi iliyooza, mboji na matandazo, mwaka baada ya mwaka.

Jambo jingine ni shimo la kupandia. Wengi huchimba shimo, wakatoa udongo mweusi wote na kulijaza udongo mwekundu ulionunuliwa kwa lori. Mvua ikinyesha, shimo hilo huwa bakuli. Maji hukusanyika ndani kwa sababu kuta zake hazipitishi, na mti hufa maji huku jirani akidhani umekosa maji. Afadhali uchanganye udongo ule ule na mboji, kisha uinue tuta la sentimita 20 hadi 30 na upande juu yake. Na kabla hujaagiza lori la udongo mwekundu, kumbuka kwamba ulichimbwa shambani kwa mtu, na huko nyuma kumebaki shimo.

Jivu nalo litumie kwa kiasi. Katika udongo mwekundu wa Kiambu au Nyeri, ambao mara nyingi una uchachu, konzi chache za jivu husaidia. Katika udongo mweusi wa nyanda kavu, ambao aghalabu hauna uchachu, jivu jingi laweza kudhuru. Hali kadhalika maji ya visima: baadhi ya visima vya Kitengela na Athi River vina maji ya chumvi, na ukimwagilia kwa maji hayo miezi yote ya kiangazi, chumvi hubaki udongoni na kuua ulichokusudia kukiokoa.

Kwa walio Pwani, kazi yenu ni kuufanya udongo wa kichanga uweze kushika maji. Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na majani ya mkungu yana manufaa makubwa, na asumini na kilua zitawalipa kwa harufu jioni. Kwa walio kwenye miteremko ya Murang'a au Kisii, panda safu za mchaichai kukingama mteremko. Utazuia mmomonyoko na utapata chai.

Panda vinavyojitegemea

Sasa ndipo tunapofika kwenye maua. Gawa uwanja wako sehemu tatu kulingana na kiu. Vyenye kiu, kama mboga na maua ya waridi, viwe karibu na jikoni ambako maji ya kuoshea mboga na mchele hupatikana. Vya wastani vikae katikati. Vinavyojitegemea viende kwenye kingo za mbali ambako hakuna mtu atakayepeleka ndoo.

Nyasi zipande tu mahali ambapo watoto watacheza au wageni wataketi. Ukipunguza ule uwanja wetu wa mita 100 za mraba hadi 25, umeokoa mitungi 93 kila juma la kiangazi. Sehemu iliyobaki ifunike kwa mimea itambaayo. Viazi vitamu hutambaa vizuri, hufunika udongo na kutoa chakula. Ukivumilia kuona ukoka ukigeuka kahawia mwezi wa Februari, jua kwamba haujafa. Umelala tu, na utaamka kwa mvua.

Kwenye kingo, boungenvilia haina mpinzani. Isitoshe, ukiinywesha sana hutoa majani mengi na maua machache, kwa hivyo uvivu wako kwake ni fadhila. Shubiri hustahimili ukame na huvutia ndege wafyonzao asali. Rozimari hupenda jua na udongo usiotuamisha maji. Mbaazi na njahi huupatia udongo naitrojeni, na mbaazi hudumu zaidi ya mwaka mmoja. Ukihitaji ua wa kuzuia mwizi, kaiyaba ina miiba ya kutosha na yahitaji kupunguzwa mara chache tu kwa mwaka.

Kuna mimea ya kukaa nayo mbali. Utomvu wa mnyaa hudhuru macho vibaya. Oleanda, pamoja na uzuri wake, ina sumu katika kila sehemu, na lantana huwadhuru mifugo na kuenea porini. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au mbuzi aliyefungwa isiwe nayo.

Miti ipe heshima yake. Katika udongo unaovimba na kunywea, mti mkubwa karibu na nyumba hunyonya maji ya chini, udongo unashuka, na ukuta unapasuka. Kanuni rahisi ni kwamba mti mkubwa usiwe karibu na nyumba kuliko kimo utakachofikia ukikomaa. Katika ploti ya futi 50 kwa 100 hii ina maana kwamba mkaratusi hauna mahali, na fikasi iliyo karibu na mabomba ya maji machafu itakuletea fundi kabla hujamwita. Chagua mkomamanga, mpera, mlimau au mpapai.

Kalenda ya mwaka

Mahali penye misimu miwili ya mvua, panga kazi hivi. Februari na Septemba, chimba mashimo na uchanganye mboji. Mvua ya masika ikishika mwezi wa Machi au Aprili, na ya vuli Oktoba au Novemba, panda mara moja ili mche upate mvua yote ya msimu. Mvua zikikaribia kwisha, Mei na Desemba, tandaza majani. Katika kiangazi cha kwanza mwagilia mara moja au mbili kwa juma, kwa wingi na taratibu, asubuhi na mapema au jioni, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Maji ya juu juu hufundisha mizizi kukaa juu, ambako jua litaikuta.

Sitakudanganya kwamba ipo bustani isiyo na kazi kabisa. Mwaka wa kwanza una jasho. Mwaka wa pili utaona magugu yamepungua, nyungunyungu wamerudi, na siku za kumwagilia zimekuwa chache. Mwaka wa tatu utajikuta umeketi kivulini Jumapili baada ya chakula, na mpira wa maji umening'inia mahali pake.

Kwa leo anza na moja tu. Majani yaliyofagiliwa asubuhi hii, kabla hayajatiwa kiberiti, yapeleke chini ya mti ulio karibu na uyazungushie mawe.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya maji ya paa. Paa la mita 100 za mraba, mahali panapopata milimita 600 za mvua kwa mwaka, hupokea lita 60,000. Tutaona jinsi ya kuyakinga kabla hayajakimbilia mtaroni.